Nilivyomlilia Tonton Albert

Nilimuua mtu. Nasema mapema ili msije mkasema nimewaficha: nilimuua mzee wa watu, Mbelgiji, mwenye meno yake yote, na nilimuua kwa simu ya dakika nne. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamua aibu hii niende nayo kaburini, lakini juzi nimekaa kwenye saluni moja ya Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Brussels, nasukwa, nikamsikia dada mmoja ambaye hata simjui anawasimulia wenzake, na kwa maneno yake eti marehemu aliamka ndani ya jeneza, basi nikaona afadhali niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa, maana ilivyokuwa inatosha, haihitaji jeneza.

Mimi ni Hadija, wa Buyenzi, Bujumbura, na mwaka ule, tisini na saba, nilikuwa nina miaka mitatu Brussels. Kazi yangu ilikuwa kumtunza Mama Odile, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka thelathini Bukavu akarudi kwao na magoti mabovu na Kiswahili cha huko. Alikaa mtaa wa Forest, ghorofa ya kwanza, na kila Jumamosi jiko lake lilijaa watu wetu, Warundi na Wakongo, kila mmoja na barua ya ofisini asiyoielewa, yeye anaisoma, anaijibu, anakugombeza kwa nini umechelewa kuileta, halafu anakumiminia kahawa. Kwa hiyo mkisikia baadaye jinsi watu walivyojitokeza, mjue hawakujitokeza bure.

Alikuwa mkali. Nilimpenda sana, lakini alikuwa mkali, na ukali wake wote ulikuwa umeelekea kwa kaka yake mmoja tu aliyekuwa naye duniani, Albert, fundi wa injini kwenye meli za ndizi zilizokuwa zikija Antwerp, ambaye safari moja alishuka kwenye kisiwa kidogo huko Karibea, upande wa Guadeloupe (jina la kisiwa nitalihifadhi, wale watu hawakunikosea kitu), akaoa huko, akabaki. Mama yao alipofariki, Albert hakuja kuzika. Hakuja, wala hakusema kwa nini. Mama Odile akamkata, na barua zake zikawa zinaingia kwenye droo bila kufunguliwa, miaka kumi na mmoja. Na mimi kwa kweli nilimwona ana haki, maana kwetu mtu anaweza kukosa harusi zako zote mbili na mkabaki ndugu, lakini mama yako akizikwa lazima uwepo.

Basi ikaja barua moja ambayo bahasha yake niliifungua mimi (kwa bahati mbaya, ndivyo nilivyomwambia). Albert aliandika mistari michache tu, kwamba amezeeka, moyo unamsumbua, na angependa kumwona dada yake kabla ya mmoja wao kuondoka. Mama Odile akasema hapana. Wiki mbili ni hapana. Wiki ya tatu akasema daktari amemwambia magoti yanataka jua, na visiwa vina jua, na kama kisiwa chenyewe ndicho kile, bon, si kosa la kisiwa. Mimi nikafunga mizigo bila kucheka, karatasi zangu za kusafiria zikapatikana baada ya kuhangaika sana, na ufunguo wa nyumba nikamwachia Tonton Selemani amwagilie maua. Huyu Tonton, yaani Mjomba, Selemani ni mzee wetu kutoka Buyenzi, ndiye anayetufungishia ndoa na kutuswalishia maiti, na akishika jambo haliachii katikati.

Kisiwa chenyewe, wenzangu, kilikuwa kizuri mpaka kinatia wasiwasi. Barabara moja, kanisa moja, posta moja yenye kibanda kimoja cha simu, mbuzi wamefungwa kamba kando ya njia, na bahari ya rangi ile niliyozoea kuiona kwenye picha za ofisi ya safari pale Porte de Namur, Brussels, nikidhani wameipaka. Tulikaa kwenye nyumba ya wageni yenye baraza mbele na samaki kila mlo. Watu wanakusalimia hata kama hawakujui, kwa sauti ya chini, halafu wanaendelea na yao. Hakuna honi, hakuna redio dirishani, ikifika saa sita mchana hata kuku wanatembea polepole. Mgeni mwingine angesema hapa ndipo pa kupumzika. Mimi nimezaliwa Buyenzi, ambako mwenzako akipiga chafya nyumba ya tatu unamwambia afya, kisha nikaja Brussels nikawa nashinda Matonge, na kimya cha namna ile nilikuwa nakijua mahali pamoja tu, nyumba yenye msiba.

Na msisahau ilikuwa miaka gani. Kwetu kulikuwa kunaungua kwa vita, simu ikilia kutoka Bujumbura tulikuwa tunakaa chini kwanza ndiyo tuseme allô. Matanga nilikuwa nimekaa mengi kuliko harusi. Jicho langu lilikuwa limeshazoea vibaya, na sikujua.

Siku tatu Mama Odile hakutoka barazani. Nyumba ya kaka yake ilikuwa upande wa pili wa kanisa, mwendo wa dakika kumi na tano, ishirini kwa magoti yake, na kila nilipotaja tu kanisa alinikatiza. "Miye nilikuya kupumuzika, Hadija, si kuonana na muntu." Anakunywa kahawa, anatazama bahari, anasema bahari ni nzuri, anakunywa kahawa nyingine. Asubuhi ya siku ya nne akanituma mkate. Nimeshafika kwenye ngazi akaniita, na bila kuniangalia akasema kama njia inanipitisha kule, niangalie tu kama nyumba bado ina rangi, na nisiingie.

Mkate ulikuwa upande mwingine kabisa, lakini nikapita kule.

Sasa nawaambia nilichokiona, na mniambie nyinyi mngefikiri nini. Uani kuna turubai kubwa limetundikwa. Chini ya turubai viti vimepangwa safu kwa safu, na kwenye safu ya mbele wamekaa wazee wanaume, mikono magotini, hawaongei. Nyuma ya nyumba kuna wanawake na masufuria, yale makubwa ambayo hayatoki mpaka kuwe na jambo. Padri anashuka kwenye baiskeli. Getini kuna meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza picha kubwa ya Albert akiwa kijana na kofia ya baharia (nilimtambua, Mama Odile alikuwa na ile ile kwenye droo), imezungushiwa maua, na chini yake wameandika kwa rangi: Merci, Albert. Jamani, kwetu nani anaandikiwa asante akiwa bado anakula? Na hakuna muziki. Saa nne ya asubuhi, turubai, masufuria, na hakuna muziki. Nikasema inna lillahi, moyo umemshinda mzee.

Uamuzi mdogo ulioniponza ulikuwa pale. Kulikuwa na bwana mmoja amesimama getini anafunga kamba ya turubai, angenijibu kwa neno moja. Lakini kwetu huulizi getini nani amekufa. Ukiuliza unaonekana umefuata wali. Unavua viatu, unaingia kwa wanawake, unashika mkono wa mfiwa, unakaa, habari utaipata humo humo. Nikavua viatu.

Nilimtambua mke wake kwa jinsi wengine walivyokuwa wanamsikiliza, mama mmoja mnene, mweusi kama mimi, jina lake Léontine, amekaa kwenye kigoda na aproni yake, macho mekundu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikalia. Sikusema neno, msibani neno la nini. Yeye akanitazama, akatazama wenzake, akanipigapiga begani, halafu akanipa kisu na beseni la vitunguu. Nikashukuru moyoni, kwa sababu mgeni akipewa kisu maana yake amepokewa.

Nilimenya vitunguu karibu saa nzima na nililia saa nzima, na sikulia kwa ajili ya vitunguu. Nilimlilia Albert ambaye sikuwahi kumwona, nikamlilia baba yangu aliyezikwa Buyenzi mimi nikiwa huku nangoja karatasi, nikamlilia zaidi yule mama aliyekaa barazani anasema bahari ni nzuri na kaka yake amekufa dakika ishirini kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. Wale wanawake waliongea Krioli yao kwa sauti ya chini, mmoja akaniletea maji. (Léontine aliniambia baadaye kwamba alidhani mimi ndiye msaidizi aliyeahidiwa na padri, na kwamba katika maisha yake hajaona mtu anayeteswa na vitunguu kiasi kile na bado hataki kuviacha.)

Halafu nikakumbuka maiti haingoji. Kwetu ukifa asubuhi, alasiri umeshafunikwa, na kwa joto lile nilijua hawatachelewa. Nikavaa viatu, nikashuka mbio, na pale posta nikasimama. Nilikuwa peke yangu, sina mtu mzima wa kuniongoza, na habari ya kifo haipelekwi hivi hivi. Nikaingia kwenye kibanda nikampigia Tonton Selemani, Brussels. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisimwambie akiwa amesimama, nimpe kwanza kitu cha kunywa, nianze na ugonjwa, kidogo kidogo, halafu ndiyo nifikishe. Akauliza tunarudi lini. Nikasema Jumapili, mchana. 

"Bon," akasema. "Wewe mwangalie mama. Huku sisi tunajua la kufanya."

Ningeyasikiliza vizuri maneno yale, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Nikamkuta Mama Odile pale pale. Nikamletea maji, akashangaa, hakuomba maji. Nikakaa karibu naye, nikaanza kama nilivyofundishwa, kwamba kaka yake anaumwa kidogo. Akaweka glasi chini.

"Hadija, miye nilikaa Bukavu trente ans. Muntu akikuambia ndugu yako anagonjwa kidogo, ni kusema walishamufunika."

 Nikainamisha kichwa, hilo likawa jibu. Hakupiga kelele. Alikaa akitazama bahari, akasema alikuwa na siku tatu, siku tatu nzima, na amezikaa pale kama mupumbavu. Halafu akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni jeusi. Mizigo nilifunga mimi na gauni hilo sikulifunga, kwa hiyo alilificha mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu ile barua ya moyo mama wa watu alikuwa anasafiri na hofu yake chini ya nguo za jua. Fimbo aliisahau. Alipanda ile njia kwa magoti yale, mbele yangu, anahema, na njia nzima anaongea na Albert, kwa Kifaransa, kwamba yeye ni mjinga, kwamba wote wawili ni wajinga, kwamba angemngoja basi hata mpaka saa sita.

Tulipoingia getini wale wazee walisimama, kwa adabu tu, mama mzima mwenye nguo nyeusi ameingia. Yeye hakuwaona. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akaweka kiganja juu ya kioo, na mimi nikajiandaa kumshika asianguke, na hapo kutoka nyuma ya nyumba ikasikika sauti ya mwanamume anaomba apishwe, apishwe haraka, inayeyuka. Akatokea mzee mrefu, shati la maua mekundu, amekumbatia bonge la barafu lililofungwa kwenye gunia.

Alimwona dada yake. Barafu ikamponyoka, ikateleza chini ya viti safu tatu, ikaenda kusimama kwenye viatu vya padri.

"Odile," akasema.

Mama Odile alimtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama yeye tena, halafu akageuka akanitazama mimi, na niwaambie, nimewahi kutazamwa na askari wa mipaka ya nchi tatu lakini sikuwahi kutazamwa vile. Kisha akamwendea kaka yake, akampiga kwa mkoba begani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na baada ya ile ya tatu mkoba ukaanguka, akamkumbatia, na wote wawili wakawa wanalia kwa sauti katikati ya viti. Kisiwa kizima kikapiga makofi. Mtu akawasha muziki. Mimi nilikuwa nimeshafika nyuma ya sufuria la wali.

Ndiyo nikapata kuelewa polepole, neno kwa neno. Albert miaka ishirini alikuwa akiitengeneza bila malipo pampu ya maji ya kisiwa, kila ikiharibika yeye, na sasa kwa ajili ya moyo wake alikuwa anaiacha, na watu wakaona wamuage kwa karamu. Wale wazee walikuwa wametangulia kujiwekea viti vya kivulini. Muziki ulikuwa unangoja saa sita, kwa sababu pale, jirani yako aliyevua usiku akiwa bado amelala, humwamshi kwa furaha yako. Watu wastaarabu kabisa, na mimi nimekaa kwao saa nzima namlilia mtu aliyekwenda kufuata barafu.

Mama Odile hakunifukuza kazi. Alikula, alicheka, alicheza hatua mbili na padri, na jioni, jua linazama na Albert anawaambia watu kwa mara ya mia kwamba dada yake amekuja, amekuja mwenyewe, hakuna aliyemwita mara ya pili, akanivuta pembeni.

"Hii maneno inabakia kwetu wawili na Mungu. Albert anazani nilikuya kwa roho yangu. Akijua ni kifo ndiyo ilinitosha pale ikanileta kwake, ataona sikumusamehe."

Nikaapa. Na niliapa kwa moyo, maana kesho yake Albert alitangaza kwamba anarudi na sisi Brussels, anataka kusimama kwenye kaburi la mama yake. Alisema miaka yote alijiona hana haki ya kulikanyaga, lakini kama Odile amekuja mwenyewe, basi anaweza kwenda. Mnaona neno lenyewe lilivyokuwa limekaa. Kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya ule uongo mdogo, na uongo huo niliushika mimi, ambaye nilikuwa nimeshapiga simu Brussels na sikumwambia mtu.

Nikaenda kibandani kurekebisha. Kwa Tonton Selemani simu inaita, haipokelewi. Kwa Maman Béa, Mkongo rafiki yangu mwenye saluni, inaita, haipokelewi. Kesho yake vile vile, mpaka nikabaki na kadi tupu mkononi. Nikajiuliza watu wote hawa wamekwenda wapi kwa pamoja. Nikajipa moyo kwamba hawamjui Albert, watakuwa wameshasahau. Watu wetu, wasahau msiba. Jinsi nilivyojidanganya.

Jumapili teksi ikatushusha Forest. Mtaa umejaa magari. Kwenye ngazi za nyumba yetu kuna viatu, jozi moja kila kipande cha ngazi, na nyingine zimepandana, na harufu ya pilau inatufuata kutoka chini mpaka juu.  Mama Odile akasimama kwenye ngazi ya tatu, akavuta pumzi kwa pua, na kwa kuwa alikaa Bukavu miaka ile yote, alijua ni kitu gani kabla sijafungua mdomo. Albert yeye alikuwa ametangulia na sanduku lake, anafurahi, anatuuliza kwa nini hatukumwambia kwamba tumemwandalia karamu.

Akafungua mlango, akanyoosha mikono.

Watu kama arobaini. Makochi yamesukumwa ukutani, mikeka chini, wanaume upande wa dirishani, wanawake upande wa jikoni, waliokuwa wakienda kazini usiku wamebadilisha zamu, mwingine alikuwa bado na sare ya ulinzi ya kule Schuman, kwenye ofisi za Ulaya. Kumbe simu zao zilikuwa hazipokelewi kwa sababu walikuwa wanashinda huku tangu siku ile, kwa zamu, nyumba ya mfiwa isikae tupu. Maman Béa akamrukia Mama Odile shingoni akaangua kilio, na wanawake wote wakaitikia. Albert hakujua Kiswahili hata kidogo. Aliona watu wanalia, akaona wanalia kwa furaha, na yeye machozi yakamtoka. Wakampanga kwenye mstari wa wafiwa (mzungu, mzee, pua ya Mama Odile, bila shaka ni ndugu mwingine), wakapita mmoja mmoja kumshika mkono. Pole sana, tonton. Pole, tonton. Yeye anajibu merci, merci, anawabusu mashavuni.

Nilijaribu kumfikia Tonton Selemani. Wallahi nilijaribu. Lakini chumba kimejaa, kila ninayempita ananikumbatia, na kabla sijamaliza watu wanne mzee wetu alikuwa ameshasimama, kanzu yake safi, na kwa heshima ya yule ndugu mgeni akaamua kusema kwa Kifaransa. Akasema tumekusanyika kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu kaka yetu Albert.

Albert akaacha kutabasamu. Akauliza, kwa upole kabisa, ni Albert yupi.

 Watu wakamtazama Tonton Selemani, Tonton Selemani akanitazama mimi, na chumba kizima kikafuata macho yake. Mama Odile alikuwa amefumba macho. Nikasema. Ningefanya nini, nikasema yote mbele ya watu arobaini, kwa Kifaransa changu cha kubabaika: turubai, padri, picha, vitunguu, simu, na gauni jeusi. Nilipofika kwenye gauni jeusi nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwa jirani.

Albert alimgeukia dada yake.

"Kwa hiyo siku ile ulikuja kunizika."

"Nilikuja kukuzika," akasema Mama Odile. "Kwa miguu. Bila fimbo."

Albert akageuka kutazama mlangoni. Nilijua anakwenda kuchukua sanduku lake. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwamba yeye kwa mama alikuwa na meli, alikuwa na nafasi, na hakuja, aliogopa kumwona mama ndani ya sanduku, aliogopa tu, hakuna sababu nyingine na hajawahi kuwa nayo. "Wewe ulikuwa umenikasirikia, na ukaja."

 Albert akavuta kiti, akakaa katikati ya wanaume, akamwambia Tonton Selemani aendelee, kama msiba ni wake basi anaomba asikie marehemu alikuwa mtu gani.

Mnadhani Tonton Selemani alitahayari? Alikuwa ameandaa hotuba, na hotuba iliyoandaliwa hairudi nyuma. Akasema marehemu alimbeba dada yake mgongoni kwenye theluji mpaka shuleni, majira ya baridi mazima. Nikashangaa ameyajulia wapi. Dada mmoja wa Uvira akasimama, akasema yeye alisimuliwa jinsi Albert alivyoitengeneza saa ya jikoni ya mama yao akiwa na miaka tisa. Yule wa sare ya ulinzi akasema yeye alisikia kwamba Albert alikuwa na mwandiko mbaya kuliko wake, na bado barua zake za zamani zilikuwa tamu. Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kipande chake. Kumbe zile Jumamosi zote, mimi nikiwa sokoni nanunua mboga, yule mama aliyekataa kulisikia jina la kaka yake alikuwa anamgawa kwa watu jikoni, kidogo kidogo, huku anawajibia barua zao. Miaka kumi na mmoja, na hakukosea kisa hata kimoja.

Albert alisikiliza mpaka wa mwisho. Hakulia. Alikuwa ameshika mkono wa dada yake, na alipoinua kichwa aliomba pilau.

Tukala. Maman Béa akaimba, sasa kwa kucheza, vyombo vikagongwa, jirani wa chini akapanda kulalamika akapewa sahani. Tonton Selemani aliniambia pembeni kwamba dua waliyomsomea haikupotea, dua haiozi, itamngoja siku yake. Kesho yake asubuhi kaka na dada wakaenda makaburini, wawili tu, mimi nikabaki nikirudisha viti kwa watu, na kila niliyemrudishia kiti alinisalimia: "Hadija, leo umeua nani?"

Bado wananisalimia hivyo. Ndiyo maana nimejiapiza, na kiapo hiki nakitunza: nikiona turubai, hata kama nasikia kilio, hata kama nimeona jeneza kwa macho yangu, nasimama getini na viatu vyangu nauliza kwa sauti hapa kuna nini. Mwaka jana niliuliza hivyo kwenye harusi, huko huko Forest, nikamuuliza mama wa bibi harusi mwenyewe kama kuna msiba, na mwezi mzima hakuniitikia salamu. Sijali. Aibu ya kuuliza unaimaliza pale pale getini, na hii nyingine, ya kutokuuliza, mimi ndiye ninayejua ilivyo ndefu.